Mtakatifu Monika, Mke Aliyesali Bila Kuchoka

Ninyi wakatekumeni ambao mume au mke wenu hataki bado kusikia mambo ya Mungu, yasikilizeni maisha ya Mtakatifu Monika. Yeye alikuwa mwanamke wa Afrika, naye aliubeba mzigo kama huo miaka mingi.

Monika alizaliwa karibu na mwaka 332 katika mji wa Thagaste, katika nchi iitwayo leo Aljeria. Alilelewa katika nyumba ya Wakristu. Humo alikuwamo mtumishi mzee, mwanamke mwenye busara, ambaye zamani alimbeba mgongoni baba yake Monika alipokuwa mtoto mchanga. Mama huyo mzee aliwalea mabinti kwa ukali wenye mapendo. Hakuwaruhusu hata kunywa maji nje ya saa za chakula, kusudi wazoee mapema kujitawala. Baadaye Monika alihitaji sana kujitawala huko.

Alipofikia umri wa kuolewa, alipewa Patrisio, mmoja wa washauri wa mji. Patrisio hakuwa na mali nyingi, wala hakuwa Mkristu. Alikuwa na moyo mwema, lakini hasira yake iliwaka upesi kama majani makavu wakati wa kiangazi. Tena hakuwa mwaminifu katika ndoa. Alifuata wanawake wengine, na Monika alijua.

Monika alifanya nini? Hakugombana naye juu ya uasherati wake, bali aliingojea huruma ya Mungu imgeuze. Patrisio alipokasirika, Monika hakumpinga kwa neno wala kwa tendo. Alinyamaza mpaka moto uzimike. Kisha, alipomwona ametulia, alimweleza kwa upole jambo lile lililomkasirisha bure. Basi kunyamaza kwake hakukuwa woga, maana ukweli aliusema. Alichagua tu saa ambayo mumewe aliweza kuusikia.

Wanawake wengi wa Thagaste walikuwa na alama za mapigo usoni, ingawa waume zao walikuwa wapole kuliko Patrisio. Walistaajabu kwamba hapakuonekana hata siku moja dalili ya Monika kupigwa. Walipomwuliza sababu, aliwafundisha desturi yake, na wale walioifuata walimshukuru. Lakini msidhani kwamba Kanisa lasifu mapigo. Mume ampigaye mkewe hutenda dhambi, na mke apigwaye hakosi akitafuta msaada. Hapa twasifu busara ya Monika, si ukali wa wanaume.

Taabu nyingine ilitoka kwa mama mkwe wake. Watumishi wa kike walimpelekea maneno mabaya juu ya Monika, naye akayasadiki na kumkasirikia. Monika aliendelea kumheshimu na kumvumilia, mpaka yule mama akautambua ukweli. Yeye mwenyewe akawashtaki wasengenyaji mbele ya mwanawe Patrisio, nao wakaadhibiwa. Tangu hapo mama na mkwewe walikaa katika masikilizano matamu. Hata majirani walipogombana na kumletea Monika maneno machungu, yeye hakupeleka kwa mwingine ila yale yaliyoweza kuwapatanisha.

Hivyo ilipita miaka zaidi ya 15. Mumewe aliyaona mwenendo na sala za mkewe kila siku, na polepole moyo wake ulilainika. Karibu na mwaka 370 Patrisio akaingia katika ukatekumeni, kama ninyi leo. Muda mfupi baadaye alibatizwa, kisha akafa, karibu na mwaka 371. Na tangu alipoamini, Monika hakuwa tena na sababu ya kumlilia kwa yale aliyoyavumilia zamani.

Lakini machozi yake hayakuisha. Mwanawe Agostino, aliyezaliwa mwaka 354, alikuwa na akili nyingi, lakini aliingia katika dini ya uongo ya Wamanikeo, akakaa humo karibu miaka tisa. Mama yake, sasa mjane, alikwenda kanisani asubuhi na jioni kila siku, akatoa sadaka na kuwasaidia maskini. Mwaka 383, huko Karthago, Agostino alimdanganya mama yake, akapanda chombo usiku kwenda Roma. Usiku ule ule Monika alikuwa akisali kanisani, akimwomba Mungu amzuie mwanawe asiondoke. Mungu hakumpa ombi lile, kwa sababu alitaka kumpa lililo kubwa zaidi. Maana ni huko Italia, katika mji wa Milano, Agostino alimsikiliza Askofu Ambrosi, akaongoka, akabatizwa usiku wa Pasaka ya mwaka 387. Monika, aliyevuka bahari kumfuata, alikuwa pamoja naye.

Mwaka ule ule, walipongojea chombo cha kurudi Afrika katika bandari ya Ostia, Monika alishikwa na homa, akafa katika mwaka wa 56 wa maisha yake. Zamani alikuwa ametengeneza kaburi kando ya Patrisio, maana alitamani kulala karibu na mumewe. Ndivyo ndoa ile ngumu ilivyogeuka kuwa mapendo ya kweli. Lakini mwishoni aliliacha hata hilo. Aliwaomba wanawe neno moja tu: wamkumbuke altareni pa Bwana, popote watakapokuwa.

Kanisa humkumbuka kila mwaka tarehe 27 Agosti. Ikiwa mwenzako nyumbani anacheka sala zako, usimtukane, wala usiache kusali. Mfundishe kwanza kwa mwenendo wako, nena naye saa iliyo njema, na yaliyobaki mwachie Mungu. Pengine siku moja mtakaa pamoja katika benchi moja la mafundisho.

Mtakatifu Monika, utuombee.