Daktari Richard Bright na Kijiko Chake

Katika masomo yetu ya kemia tumesikia majina ya wataalamu wengi, lakini bwana ninayetaka kueleza habari zake hakuwa mwana kemia hasa. Alikuwa daktari, na vyombo vilivyomletea sifa vilikuwa kijiko na mshumaa. Kitu alichokipima kilikuwa mkojo. Najua baadhi ya wenzangu watacheka wakifika hapa. Na wacheke, kisha waendelee kusoma.

Richard Bright alizaliwa tarehe 28 Septemba, 1789, katika mji wa Bristol, Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara tajiri, kwa hiyo kijana hakukosa karo. Alisoma Edinburgh, kisha hospitali ya Guy's mjini London, akarudi Edinburgh na kupata shahada ya udaktari mwaka 1813. Kabla hajamaliza masomo aliviweka vitabu kando, akafuatana na Sir George Mackenzie kwenda kisiwa cha Iceland mwaka 1810. Baadaye alitembea Austria na Hungary, akaandika kitabu kikubwa cha safari hiyo, kilichotoka mwaka 1818, na ndani yake mna picha alizozichora mwenyewe. Nazitaja picha hizo kwa sababu jicho lililozoea kutazama vitu mpaka kuvichora ndilo lililomfaa sana hospitalini.

Mwaka 1820 aliajiriwa Guy's kuwa daktari msaidizi, na mwaka 1824 akawa daktari kamili. Katika wodi zake walilala maskini wengi waliovimba miili. Nyuso zilivimba, miguu ikavimba, na matumbo yakajaa maji. Siku hizo uvimbe wenyewe ndio uliohesabiwa kuwa ugonjwa, nao ulitibiwa kwa kumtoa mgonjwa damu na kumnywesha dawa za kuharisha. Wengi walikufa. Bright alikuwa na desturi ya kuandika hali ya mgonjwa siku kwa siku, na akifa, kuipasua maiti ili aone kilichoharibika ndani. Basi akaona jambo. Katika baadhi ya maiti hizo mafigo yalikuwa yamekuwa magumu, yenye vinundu, mengine yamesinyaa. Aliporudia maandishi yake, akakuta kwamba watu hao hao, walipokuwa hai, mkojo wao ulikuwa ukiganda ulipotiwa moto.

Kupima kwenyewe kulikuwa hivi. Mkojo kidogo hutiwa katika kijiko, na kijiko hushikwa juu ya mwali wa mshumaa. Mkojo wa mtu mzima wa afya kwa kawaida huchemka ukabaki wazi. Ule wenye albumini, yaani utomvu wa jamii ya ute mweupe wa yai, hupata ukungu, kisha hufanya vipande vyeupe kama yai linavyoiva. Albumini ni mali ya damu, na figo nzima haiiachi ipite ovyo. Ikionekana kwa wingi katika mkojo, kichujio kimetoboka. Lakini mpimaji hana budi kuangalia, maana fosfeti nazo huleta ukungu mkojo ukipata moto. Dawa yake ni matone machache ya asidi: ukungu wa fosfeti hutoweka, wa albumini hubaki.

Si haki kusema Bright ndiye wa kwanza kuuona mkojo unaoganda. Mtaliano Domenico Cotugno aliuona katika karne ya 18, na Waingereza kadha waliandika habari zake. Kazi ya Bright ilikuwa kuviunganisha vitu vitatu, uvimbe, mkojo na figo, hata ukishajua kimoja unajua pa kutafuta vingine. Aliyatangaza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1827, chenye picha za rangi za mafigo hayo.

Hapa lazima nimtaje John Bostock, ambaye watu humsahau. Huyu alimpimia Bright mkojo na damu kwa kemia. Akakuta kwamba urea, ambayo ni taka mwili unayopaswa kuitoa, imepungua katika mkojo wa wagonjwa hao, nayo imeonekana katika damu yao. Kwa maoni yangu jambo hili ni kubwa kuliko la kijiko, kwa maana lilionyesha kinachomdhuru mgonjwa: anabaki na taka yake mwenyewe ndani ya damu.

Mwaka 1836 Bright alitoa orodha ya wagonjwa 100 wa namna hiyo. Mwaka 1842 hospitali ikampa wodi mbili zenye vitanda 42 kwa wagonjwa wa mafigo tu, pamoja na chumba cha kupimia karibu nao. Hata hivyo dawa hakuipata. Aliweza kumtambua mgonjwa mapema kwa gharama ya kipande cha mshumaa, lakini kumponya hakuweza, na yeye pia aliendelea kutoa watu damu kama wenziwe. Mashine ya kusafisha damu ilikuja karibu miaka mia baadaye.

Kijiko kimekwisha kustaafu. Siku hizi kliniki hutumia kijikaratasi chenye dawa, kinachochovywa katika mkojo na kubadili rangi. Mama mjamzito anapoombwa mkojo kliniki, sababu moja ni kutafuta protini, maana huweza kuwa dalili ya hatari ya kifafa cha mimba. Basi asione haya kuutoa.

Mwaka 1837 Bright aliteuliwa kuwa mmoja wa madaktari wa Malkia Victoria. Alifariki London tarehe 16 Desemba, 1858, kwa ugonjwa wa moyo, akazikwa Kensal Green. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia madaktari waliuita ugonjwa wa mafigo kwa jina lake, mpaka walipotambua kwamba ni magonjwa mengi, kila moja likapewa jina lake.