Mbaraka Mwinshehe, aliyeimba Shida akafia Kisauni

Majuzi nilikuwa na haja Pumwani, Nairobi, kumjulia hali mzee wetu mmoja aliyeshikwa na miguu. Nilipotoka kwake nikakata njia ya Kamukunji, pale mafundi wanapogonga mabati tangu asubuhi hata magharibi. Kijana mmoja alikuwa akipinda bati la sanduku la skuli, na simu yake ameitundika kwenye msumari, inaimba. Nikasimama. Sauti ilikuwa ya Mbaraka Mwinshehe. Nikamwuliza kijana kama amjua aimbaye. Akanijibu kuwa ni katika wazee wa Kenya wa zamani, mtu wa Pwani kwa Kiswahili chake, na kwamba bila shaka yuko kwake amestarehe, anakula jasho la ujana wake. Sikumkosoa, kwani nyundo zilikuwa zikilia na mimi sauti yangu si ya kushindana na nyundo. Lakini neno lile lilinikaa kooni mpaka nilipofika kituo cha basi, nikaona afadhali nimjibu hapa, yeye na wenziwe wenye rika lake.

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka hakuwa Mkenya, na uzee hakuuona. Ila kwamba yeye na Pwani yetu wana jambo lao, hapo kijana hakukosea, ingawa silo alilodhani.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, lakini sehemu kubwa ya utoto wangu ilipita Eastlands, katika nyumba za reli za Makongeni, kwa kuwa marehemu baba alikuwa mtumishi wa reli. Asubuhi skuli, alasiri chuoni Pumwani, juzuu kwapani na kofia kichwani. Njia yetu ilipita Kaloleni na Shauri Moyo, na asiyeijua mitaa ile ya siku zile hawezi kujua redio ilikuwa kitu gani. Mlango huu utasikia gitaa la Kijaluo, mlango wa pili la Kiluhya, wa tatu rumba la Kongo, wa nne Mkamba na wake. Kila nyumba ilisikiliza kwao. Lakini ulipopigwa wimbo wa Mbaraka, milango yote ilikuwa mlango mmoja, kwa sababu alikuwa anaimba Kiswahili ambacho hakikumtupa mtu nje. Sisi watoto wa chuoni tulikuwa tukipunguza mwendo, kisha tunakimbia ili mwalimu asitukute tumechelewa.

Kwetu nyumbani dansi ilikuwa haramu. Baba alimvumilia Juma Bhalo, kwa kuwa alikuwa mtu wa nyumbani na maneno yake yana vina na mizani, lakini gitaa la umeme alilihesabu ni katika kelele za Shetani. Bahati mbaya kwake, jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa Mluguru aliyekuja Nairobi na reli ya Afrika Mashariki, na jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akabaki. Mluguru yule alikuwa na gramafoni ya betri na rundo la santuri, na nyingi zilikuwa za Mbaraka. Ukuta ulikuwa mwembamba. Mengi niliyokuja kuyajua juu ya Morogoro niliyapata kwake kwanza, tukiwa tumekaa nje huku akinyoa ndevu kwa kioo kidogo.

Mbaraka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944, na Morogoro ndiko alikolelewa kimuziki. Mji huo umekaa chini ya milima ya Uluguru, reli ya kati yapita hapo, na pembeni mashamba ya mkonge. Ulikuwa mji mdogo, lakini kwa muziki ulikuwa ukiwatisha hata watu wa Dar es Salaam, kwa sababu ya bendi mbili. Moja ilikuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Nyingine Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka ule ule aliozaliwa Mbaraka. Watu waligawanyika hapa na hapa kama wagawanyikavyo wa Mombasa kwa timu za mpira.

Huyu Salum Abdallah siwezi kumpita vivi hivi. Inasimuliwa kuwa alipokuwa kijana alizipenda nyimbo za Kuba hata akatoroka kwao ili apande meli aende zake huko. Safari yake ikaishia Mombasa, akarudishwa Morogoro, akaileta Kuba kwake badala ya yeye kuifuata. Mwaka 1965 akafa kwa ajali ya gari, naye bado ana nguvu zake. Mluguru alikuwa akikifika kifo hicho hunyamaza kidogo, kisha huendelea na ndevu.

Mwaka ule Mbaraka alikuwa barobaro wa miaka 21. Alikwisha uacha masomo akafuata gitaa, na katikati ya miaka hiyo ya sitini akaingia Morogoro Jazz. Haikuchukua muda, bendi ikawa ni yeye. Alitunga, aliimba, na akapiga gitaa la solo mpaka watu wakamwita Soloist National. Katika upigaji wake kuna jambo ambalo mimi, nisiyejua kupiga hata tari, hulisikia: gitaa lake hungoja mwimbaji amalize sentensi, ndipo linapoanza kubishana naye. Na mwimbaji ni yeye mwenyewe.

Mwaka 1970 alikwenda Japani, kwenye maonyesho makubwa ya Osaka, na aliporudi akaitungia safari ile wimbo, Expo 70. Mkuu wa mkoa wa Iringa, Dakta Kleruu, alipouawa siku ya Krismasi mwaka 1971, Mbaraka aliimba maombolezo yake. Aliimba Jogoo la Shamba, akiichukua methali tunayoijua sote. Aliimba Pesa Namba Moja, na Mtaa wa Saba. Nikimpima kwa mizani ya kwetu, ya watu waliokulia na Muyaka na utenzi wa Mwana Kupona, nitasema wazi kuwa nyimbo zake nyingine vina vyake vinachechemea na mizani haikutimia. Lakini ana jambo ambalo sisi washairi wengi tunalikosa: msikilizaji wake anajua tangu mwanzo ni nani anayelalamika, analalamika kwa nani, na amekosewa nini. Nimekwisha pokea mashairi ya gazeti kwa magunia, yenye vina kama lulu, na hayo matatu hayamo.

Mwaka 1973 akaiacha Morogoro Jazz akaunda bendi yake, Super Volcano. Kuanzia hapo alikuwa mwimbaji na tajiri pamoja, na tajiri wa bendi ni mtu wa deni. Kuna vyombo, kuna gari, kuna vijana wanaotaka kula hata usiku ambao ukumbi haukujaa. Tanzania siku zile ilikuwa na redio ya serikali iliyorekodi bendi, lakini kiwanda cha kuchapa santuri hakikuwako. Aliyetaka sahani yake iuzwe alifunga safari ya Nairobi. Ndiyo sababu wale ndugu wa Tanga, Wilson na George Kinyonga wa Simba Wanyika, walihamia Kenya kabisa. Mbaraka hakuhamia, alikuwa akija na kurudi, akirekodi Nairobi na kupiga huku na huko. Mwezi wa Februari 1977 mpaka ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Msomaji ajifikirie mwenyewe, mtu ambaye wasikilizaji wake wako pande mbili za mpaka uliofungwa, na santuri zake zinachapwa upande asiokaa.

Ni katika siku hizo za mwisho ndipo alipoimba Shida. Katika nyimbo zake hakuna uliouzika kama huo. Makongeni yote iliuimba, hata wasiojua Kiswahili cha kununulia sukari. Mluguru alinunua sahani hiyo siku ya mshahara, akaipiga mpaka baba akagonga ukuta kwa kiganja.

Ijumaa, tarehe 12 Januari 1979, gari alimokuwamo Mbaraka lilipata ajali Kisauni, na kutokana na ajali hiyo akafa, hapo hapo Mombasa. Kwa hesabu yetu ulikuwa Mfunguo Tano, mwezi wa Safar, mwaka 1399, mwezi ambao bibi zetu hawakupenda mtu asafiri. Sisemi kwamba mwezi huua. Nasema tu kuwa nyanya yangu, aliyekuwa akikaa ng'ambo ile ile ya Kisauni, hakuacha kulitaja jambo hilo hadi alipokufa. Siku zile Daraja la Nyali lilikuwa bado lile la kuelea juu ya maji. Alikuwa na miaka 34 na miezi sita. Huko kwao vita vya Kagera vilikuwa vimepamba moto, na katika habari za vita ikaingia habari ya mtu mmoja wa gitaa, na bado watu waliisikia. Mwili wake ukarudishwa Tanzania kuzikwa. Morogoro imewatoa wawili hao, Salum na Mbaraka, na wote wawili wamechukuliwa na gari.

Sisi kule Makongeni habari tuliipata kwa redio. Nakumbuka Mluguru alitoka nje bila shati, akasimama kwenye mfereji wa maji kama mtu aliyesahau alichofuata. Usiku, baada ya isha, akabisha hodi kwetu. Hakuwa amepata kuingia. Akamwomba baba amsomee marehemu Yasini, kwa kuwa yeye mwenyewe kisomo chake kilikuwa kidogo, na jamaa zake wako ng'ambo ya mpaka. Nilimtazama baba, nikajua atakataa. Baba aliuliza jina kamili la marehemu, na Mluguru akalitaja lote, Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Baba akarudia jina lile la kwanza polepole, kisha akaniambia nilete msahafu na kofia yake. Tulisoma watatu, mimi nikisoma kwa sauti pale baba alipokohoa.

Tulipomaliza, Mluguru akauliza jambo lililomleta hasa. Alikuwa amesikia kwa mtu mmoja msikitini kwamba mwimbaji akifa Mwislamu, kila santuri yake inapopigwa dhambi humfuata kaburini. Akataka kujua azivunje zile sahani au azifanye nini. Ni suala ambalo mpaka leo huulizwa kila afapo mwimbaji wa kwetu, na wapo wanaolijibu upesi mno. Baba hakulijibu upesi. Alisema yeye ni mtu wa reli, si mufti. Kwamba hesabu ya marehemu iko kwa Mola wake, ambaye anajua alivyokusudia na waliomtegemea walivyokula. Na kwamba kuvunja mali ya halali aliyoinunua kwa mshahara wake nako kuna swali lake. Mluguru akasema basi hawezi kuzivunja wala hawezi kuzipiga. Asubuhi yake akatuletea rundo lote ndani ya gunia la sukari, akaomba tumwekee amana mpaka moyo utulie.

Miaka iliyofuata kampuni ilitoa mfululizo wa santuri ndefu za Mbaraka, ukaitwa Ukumbusho, juzuu baada ya juzuu, na zikauzwa sana. Wenzake wa zama zile walioishi zaidi yake hawakuwa na raha aliyoidhani kijana wa Kamukunji. Fadhili William, Mtaita wetu, ambaye Malaika yake ilizunguka dunia nzima kwa vinywa vya wengine, alikaa Marekani miaka mingi akifanya kazi za kawaida, akarudi, akafa Nairobi mwaka 2001. Daudi Kabaka akamfuata mwaka huo huo. Sijui kama Mbaraka angeishi angepata zaidi yao, na sioni dalili ya hilo.

Mluguru alihama Makongeni mpaka ulipofunguliwa, akaenda kwao kwa haraka, gunia hakulidai. Baba hakuligusa. Alipostaafu tukahamisha vitu vyetu kurudi Mombasa, nalo likaja na sisi ndani ya behewa, kwa kuwa amana ni amana. Alipofariki nililikuta chini ya kitanda chake, limefungwa kwa kamba ile ile. Sahani kumi na nne, mbili zimepasuka. Shida ni nzima, ila upande wa pili una mkwaruzo, nami sina gramafoni ya kuipigia.