Bombardier, Fundi Aliyepigana na Theluji

Katika kurasa za jarida hili tumezoea kusoma maisha ya wafalme, washairi na wapigania uhuru. Hao wote nawaheshimu. Hata hivyo, mwaka huu naomba ruhusa niwaletee fundi wa gereji. Mtu mwenyewe aliitwa Joseph-Armand Bombardier, raia wa Kanada, na ndiye aliyewapa watu wa nchi za baridi ile pikipiki ya theluji. Labda jina lake umewahi kuliona bila kujua ni la nani, kwa sababu baadhi ya ndege za abiria aina ya Dash 8 zinazoruka humu nchini zilitoka katika kampuni iliyobeba jina hilo. Lakini mzee mwenyewe hakutengeneza ndege hata moja. Vita vyake vilikuwa na theluji.

Bombardier alizaliwa tarehe 16 Aprili mwaka wa 1907 huko Valcourt, kijiji cha wakulima katika jimbo la Quebec, ambako watu husema Kifaransa. Baba yake, mzee Alfred, alikuwa mkulima na baadaye akafungua duka. Armand, kama alivyoitwa nyumbani, alikuwa mtoto wa kufungua na kufunga vitu. Kila saa mbovu au mashine iliyokufa aliitaka yeye. Hapa kwetu mtoto wa namna hiyo huchapwa kwanza halafu akishafaulu husifiwa, na sidhani kwao mambo yalikuwa tofauti sana.

Wazazi walitamani awe kasisi. Basi wakampeleka seminari mjini Sherbrooke. Kijana alikwenda kwa heshima, lakini moyo ulibaki kwenye spana. Baba yake, ili kumtuliza, akampa injini kuukuu ya gari la Ford aina ya Model T achezee. Kumbe amempa moto na majani makavu! Siku ya mwisho ya mwaka 1922, Armand akiwa na miaka kumi na mitano tu, alitoka nje na kitu ambacho kijiji hakijapata kuona. Alikuwa ameunganisha viti viwili vya kutelezea kwenye theluji, akaifunga ile injini nyuma, na mbele ya hewa akaweka pangaboi la mbao kama la ndege. Ndugu yake Léopold alikaa mbele kuongoza, naye Armand akawa nyuma akishughulika na injini. Wakapita katikati ya kijiji kwa kelele, watu wakitoroka huku na huku. Baba alipoliona lile pangaboi likizunguka wazi bila kizuizi, tayari kumkata mtu, aliamuru lifunguliwe siku iyo hiyo. Mimi nadhani mzee alikuwa na haki, ingawa ukweli ni kwamba gari lilikuwa limetembea.

Mwaka wa 1924 aliacha seminari akaenda kujifunza ufundi gerejini, kisha akafika Montreal ambako mchana alifanya kazi na jioni alisoma masomo ya mitambo na umeme. Hakungoja apewe shahada. Mwaka wa 1926, akiwa na miaka kumi na tisa, alirudi Valcourt akafungua gereji yake kwa msaada wa babake. Wakati wa kiangazi wateja walijaa. Shida ilikuwa majira ya baridi, maana barabara za mashambani hazikuwa zikizolewa theluji. Wenye magari waliyaweka juu ya magogo hadi theluji iyeyuke, wakarudi kwa farasi. Gereji ilibaki kimya, na huo ndio wakati aliotumia kufanya majaribio yake mwaka baada ya mwaka.

Sisi wa Kenya theluji tunaiona kwa mbali tu, ule weupe wa kileleni Mlima Kenya, na tunaiona kama pambo. Ili kumwelewa Bombardier, usifikirie pambo. Fikiria barabara ya udongo mweusi wakati wa masika, pale matatu zinapokataa kwenda, na mgonjwa anabebwa kwa mkokoteni au machela mpaka lami. Halafu fikiria masika hayo yakae miezi mitano bila kukoma.

Mwaka wa 1929 alimwoa Yvonne Labrecque. Wakapata watoto, mmojawapo akiitwa Yvon. Majira ya baridi ya mwaka 1934, Yvon alipokuwa na miaka miwili, alishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo. Hospitali ilikuwa Sherbrooke, kama kilomita hamsini. Barabara zote zilikuwa zimezibwa na theluji. Gari la majaribio ambalo babake alikuwa akilitengeneza lilikuwa humo gerejini, halijawa tayari kwenda popote. Mtoto akafariki.

Hapa ndipo nilipoweka kalamu chini niliposoma habari hizi mara ya kwanza. Fundi mwenye mikono ya dhahabu, aliyekwisha jaribu kwa miaka zaidi ya kumi kutengeneza chombo cha kupita kwenye theluji, anamtazama mwanawe anakwisha kwa kukosa chombo hicho hicho. Watu wengine wangetupa spana mtoni. Yeye aliingia gerejini.

Tatizo lililokuwa likimshinda lilikuwa hili. Gurudumu la kawaida huzama kwenye theluji laini kama linavyozama kwenye tope. Pangaboi ni hatari na halina nguvu ya kuvuta mzigo. Mkanda wa chuma kama wa tingatinga ni mzito, na theluji hugandamana ndani yake mpaka ukwame. Ilitakiwa kitu chepesi, kipana, chenye kukamata chini bila kuzama. Mwaka wa 1935 alipata jawabu: gurudumu la meno lililovikwa mpira, linalozungusha mkanda mpana wa mpira. Mpira haukushikwa na theluji kwa urahisi kama chuma, na upana wa mkanda uligawa uzito wa gari, mtu akaelea pale ambapo farasi angezama hadi tumboni. Mbele hakukuwa na magurudumu bali mbao mbili za kutelezea, ziitwazo skii, ambazo dereva alizigeuza kwa usukani. Ukiuliza siri yote ya Bombardier iko wapi, nitakuambia iko kwenye lile gurudumu la meno. Mengine yalifuata tu.

Hati ya kulinda uvumbuzi wake aliipata mwaka wa 1937. Gari lenyewe liliitwa B7. Herufi ni ya jina lake na nambari ni ya abiria saba. Likafuatwa na B12 la watu kumi na wawili, lenye madirisha ya mviringo kama ya meli, na baadaye C18 lililobeba wanafunzi ishirini na watano. Ndiyo, wenzangu, basi la shule la theluji! Kisingizio cha kuchelewa kikaisha. Wanunuzi wa kwanza walikuwa madaktari, wabeba barua, wenye mahoteli, makasisi na wenye magari ya kubebea wagonjwa. Sijui kama alipoona daktari akiondoka na gari lake alimkumbuka Yvon, lakini mimi ningemkumbuka.

Mwaka wa 1942 alisajili kampuni, L'Auto-Neige Bombardier, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alitengenezea jeshi la Kanada magari ya theluji. Vita vilipokwisha biashara ilinawiri, kisha ikapigwa ghafla. Mwaka wa 1948 serikali ya Quebec ilianza kuzoa theluji kwenye barabara za mashambani. Jambo jema kabisa kwa wananchi, kwa maana sasa gari la kawaida lilipita mwaka mzima, lakini mauzo ya Bombardier yalianguka. Mwenye kulia kwa sababu barabara zimetengenezwa ni yule aliyekuwa akiuza mabuti! Yeye hakulia sana. Alitazama ni nani bado wanazama, akaona wakata miti na wachimba mafuta, akawatengenezea trekta la kupita kwenye vinamasi na theluji, liitwalo Muskeg, mwaka wa 1953.

Tena kulikuwa na ndoto ya zamani. Tangu ujana alitaka chombo kidogo cha mtu mmoja au wawili, na sio basi. Kilichomzuia ni injini, kwani za wakati ule zilikuwa nzito mno. Miaka ya 1950 injini ndogo nyepesi zikapatikana, na mwanawe mkubwa, Germain, akafanikiwa kutengeneza mkanda wa mpira usio na kiungo. Mwaka wa 1959 chombo kikatoka, chenye kimo cha pikipiki, skii za mbao mbele na mkanda mmoja chini. Inasimuliwa kwamba Bombardier alikusudia kukiita Ski-Dog, yaani mbwa wa theluji, kwa vile kilikuja kushika nafasi ya mbwa wavutao vigari huko kaskazini, lakini mpiga chapa akakosea herufi ya mwisho na jina likabaki Ski-Doo. Chombo kimoja cha kwanza alimpa rafiki yake kasisi Maurice Ouimet, mmisionari wa Lansdowne House, kaskazini mwa Ontario. Mwaka huo wa kwanza viliuzwa 225 tu. Miaka minne baadaye vilikuwa zaidi ya 8,000 kwa mwaka mmoja.

Hapa kuna jambo linalonichekesha. B7 lilibuniwa kwa sababu magari hayakuweza kupita kwenye theluji. Ski-Doo ilipofika, barabara zilikwisha safishwa, na chombo chenyewe kilikuwa kidogo cha kutosha kupandishwa nyuma ya pikapu. Yaani chombo cha kumbeba mtu kikawa mzigo wa kubebwa! Mtu anakaa mjini, theluji nzuri iko milimani au msituni, basi anaipakia pikipiki yake kwenye pikapu na kuipeleka huko kama mfugaji apelekaye ng'ombe mnadani.

Na kupakia huko sio mchezo. Pikipiki za theluji za siku hizi hufika urefu wa mita tatu na uzito wa kilo mia mbili na zaidi, kwa hiyo watu wawili hawainyanyui hivi hivi. Huegemeza ubao imara, au ngazi pana ya alumini, kutoka ardhini hadi kwenye karia ya pikapu, na ngazi hiyo lazima ifungwe kwenye gari kwa mkanda. Isipofungwa, ule mkanda wa mpira unapoanza kuzunguka huisukuma ngazi nyuma, na mtu na pikipiki yake wanaanguka katikati. Mwendo nao una kipimo chake. Ukienda polepole mno unakwama kwenye mlima wa ubao. Ukivuta mafuta kwa pupa unapaa na kuingia kwenye kioo cha nyuma cha dereva. Wenye hekima hutafuta kilima au lundo la theluji, wakarudisha pikapu nyuma mpaka karia ikalingana na lundo, kisha pikipiki ikaingia kwa usawa. Ikishaingia, skii hufungwa mbele kwa kamba na nyuma vilevile, kwa sababu mara nyingi mlango wa karia haufungiki, mkia wa pikipiki unabaki nje, na chini kuna barafu inayoteleza. Wapakiaji wetu wa magunia ya viazi wangewaelewa mara moja, kwani mambo yao ni yale yale: ubao, kamba, na mmoja wa kupiga kelele.

Inasemekana Bombardier mwenyewe hakufurahia sana kuona Ski-Doo ikigeuka chombo cha starehe, maana yeye aliilenga kwa wenye shida: wategaji wanyama, wamisionari, wapima ardhi, watu walio mbali na daktari. Lakini chombo kikishatoka gerejini mwenye kukinunua ndiye huamua kazi yake. Hata simu hatukuletewa tuchezee, na tazameni wenyewe.

Alifariki kwa maradhi ya saratani tarehe 18 Februari 1964, akiwa na miaka hamsini na sita. Germain alishika usukani kwa muda mfupi, na mwaka wa 1966 ukaingia mikononi mwa mkwe wa marehemu, Laurent Beaudoin. Huyu aliingiza kampuni kwenye magari ya moshi, na mwaka wa 1986 akanunua kiwanda cha ndege cha Canadair. Miaka ya 1990 zikafuata zile Dash 8 nilizotaja, ambazo kazi yake iliuzwa kwa kampuni nyingine mwaka wa 2019. Pikipiki za theluji zilitengwa kuwa kampuni ya peke yake mwaka wa 2003, na makao yake makuu yako Valcourt, pale pale alipozaliwa.

Gereji yake ya mwaka 1926 haikubomolewa. Iko Valcourt katika jumba la makumbusho lenye jina lake, na mgeni akiingia huona mahali fundi alipokuwa akifanyia kazi majira ya baridi, barabara ikiwa imefungwa.