Seve Ballesteros: dogo wa fimbo moja aliyetwaa Kenya Open

Wadau, mwaka 1978 kijana wa Kihispania wa miaka 20 hivi alitua Nairobi, akaingia viwanja vya Muthaiga na kuondoka na ubingwa wa Kenya Open. Jina lake Severiano Ballesteros, dunia nzima ilimwita Seve. Leo namleta huyu kwa sababu moja: namna alivyofanya mazoezi.

Najua wengi wetu hapa Dodoma gofu tunaiona kwenye TV tu, tena tunahamisha chaneli haraka kutafuta mpira. Kwa asiyejua, kwenye soka anayefunga mengi ndiye mshindi, kwenye gofu ni kinyume chake. Unahesabiwa kila mkwaju mpaka kipira kiingie shimoni, mashimo yako 18, na viwanja vingi vikubwa vimepangiwa mikwaju 70 mpaka 72. Ukimaliza na 90, ujue kuna mikwaju kama 18 umeipoteza njiani. Na mingi haipotei pale mwanzo unapovuta kwa nguvu zote. Inapotea karibu na shimo, kuanzia mita 100 kushuka chini, ambako mguso wa nusu mita unahesabiwa sawasawa na mkwaju wa mita 250. Huko karibu na shimo ndiko Seve alikokuwa mfalme.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957 Pedreña, kijiji cha pwani ya kaskazini mwa Hispania. Baba yake alikuwa mkulima. Jirani kulikuwa na klabu ya gofu ya wakubwa, na watoto wa kijiji waliingia pale kama kedi, yaani kubeba mifuko ya fimbo za wachezaji na kupewa vijisenti. Kucheza wao wenyewe ilikuwa marufuku, labda siku ya mashindano ya makedi.

Kaka yake Manuel akampa fimbo kuukuu, chuma namba 3. Sheria inamruhusu mchezaji kubeba fimbo 14, kila moja na kazi yake: ya mbali, ya karibu, ya kutolea kipira mchangani. Namba 3 ni ya mbali. Uso wake umesimama karibu wima, kipira kinatoka chini chini kwa kasi. Kupigia mkwaju laini wa mita 20 ni kama kukata kitunguu kwa panga.

Dogo hakuwa na nyingine. Maji ya bahari yakishakupwa alishuka nayo ufukweni na kupiga, mwanzoni mawe, baadaye vipira alivyovipata. Sasa mchanga wenye unyevu hausamehe: ukigusa mchanga kabla ya kipira, kipira hakiendi popote. Ilibidi akiguse kipira kwanza, safi, kila mara. Akafika mahali pa kujiuliza, hiki chuma kitarushaje kipira juu wakati kimetengenezwa kupiga chini? Akajifunza kuulaza uso wake uangalie mbinguni. Na kikisimama mita 30 tu je? Akashika mpini chini zaidi, akafupisha mkono. Kukunja kulia, kukunja kushoto, kupita chini ya upepo, yote kwa chuma kilekile. Jioni giza likiingia alijipenyeza kwenye viwanja vya klabu, hata usiku wa mbalamwezi. Gizani huoni kipira kinaangukia wapi, unabaki na sauti ya mguso na kile viganja vinavyokuambia.

Sisi tuliocheza chandimu kwenye makorongo yaliyokauka tunaujua mchanga unavyofundisha miguu. Lakini hapa ndo pa kusimama kidogo, maana watu wanaisimulia hii stori kana kwamba fimbo moja ndiyo iliyomfanya bingwa. Hapana bwana. Makedi wenye fimbo moja walikuwa wengi tu, Hispania na hata huku kwetu Afrika. Tofauti naiona hapa: kila mkwaju wa Seve ulikuwa na swali ndani yake. Mtu anaweza kupiga vipira 300 kwa jioni moja na asibadilike chochote, kwa sababu anarudia kosa lilelile mara 300 halafu anaenda nyumbani amechoka na ameridhika.

Na tusidanganyane pia na zile hadithi za maskini aliyeokota kipaji jalalani. Kaka zake watatu, Baldomero, Manuel na Vicente, wote walikuwa wachezaji wa kulipwa. Mjomba wake, Ramón Sota, alishika nafasi ya 6 kwenye Masters kule Marekani mwaka 1965. Fimbo ilikuwa moja, lakini macho ya kumwangalia na kumrekebisha yalikuwa mengi.

Akaingia gofu ya kulipwa mwaka 1974 akiwa na miaka 16. Miaka 2 baadaye, kwenye British Open ya Royal Birkdale, dogo wa miaka 19 aliongoza mpaka siku ya mwisho. Johnny Miller akamzidi, lakini pale shimo la 18 Seve alifanya kitu ambacho watu hawakukisahau. Mbele yake kulikuwa na mashimo mawili ya mchanga yanayomtega mchezaji. Wengine wangekirusha kipira juu. Yeye akakiteleza chini katikati ya ile mitego miwili, kikaenda kusimama karibu na shimo. Ufukwe wa Pedreña mtupu! Akamaliza wa pili, sawa na Jack Nicklaus.

Kisha ndiyo Nairobi. Mji ule uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na kipira kinaruka mbali kuliko pwani. Hata hapa Dodoma, mita 1,100 na ushee, tofauti ipo. Aliyekariri kwamba fimbo fulani ni mita fulani anapata taabu kweli sehemu kama hizi. Aliyezoea kupima umbali kwa viganja anahesabu upya.

Mwaka 1979 akachukua British Open pale Royal Lytham. Siku ya mwisho, shimo la 16, alipiga ovyo mpaka kipira kikaangukia kwenye maegesho ya magari, na bado akalimaliza shimo lile kwa mkwaju mmoja pungufu ya kipimo! Mwaka 1980 akawa Mzungu wa kwanza kutoka Ulaya kushinda Masters. Akairudia Masters 1983, British Open 1984 na 1988. Kwenye ziara ya Ulaya alishinda mara 50.

Halafu mambo yakaharibika. Mgongo ulimsumbua tangu ujana, na mikwaju yake ya mbali, ambayo haikuwahi kunyooka sana, ikazidi kupotea. Hakuacha mazoezi. Alizunguka kwa walimu mbalimbali, huyu anambadilisha hivi, yule vile. Ushindi wake wa mwisho kwenye ziara ya Ulaya ulikuwa 1995, akiwa na miaka 38. Mimi hapa ndipo panaponiuma zaidi kwenye maisha yake: mtu aliyejifundisha peke yake mchangani, ukubwani anashika noti za watu wengi kwa mpigo.

Alistaafu 2007. Mwaka uliofuata akaanguka uwanja wa ndege Madrid, wakamkuta na uvimbe kwenye ubongo, akapasuliwa zaidi ya mara moja. Alifariki tarehe 7 Mei 2011 nyumbani kwake Pedreña, kijiji kilekile, akiwa na miaka 54.

Kama kuna mdau ambaye mzee wake alikuwepo Muthaiga mwaka 1978, hata kama alikuwa kabeba mfuko tu, atumwagie stori hapa chini.