Félicité Niyitegeka, Msimamizi wa Kituo cha Saint Pierre, Gisenyi



Katika toleo hili la kumbukumbu Kamati imeona vema kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani, ambaye kazi yake inafanana na yetu. Safari hii hatukwenda kumtafuta mbali. Aliishi hapa hapa Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu, karibu na mpaka ambao wengi wetu tuliuvuka na watoto mgongoni.

Félicité Niyitegeka alizaliwa mwaka 1934. Watu wengi humwita sista, lakini hakuwa mtawa. Alikuwa mmoja wa Wasaidizi wa Utume, wanawake walei wa Kanisa Katoliki ambao hawaolewi na hutoa maisha yao kwa utumishi. Aliwahi kuwa mwalimu, na baadaye akakabidhiwa Kituo cha Saint Pierre, nyumba ya kupokea wageni na mikutano.

Kazi hiyo tusiipite haraka. Nyumba ya wageni ni vitanda, mashuka, maji, sufuria na hesabu za jikoni. Msimamizi wake lazima ajue kila jioni nani amelala ndani na nani bado hajala. Ni kazi isiyo na sifa, na aliyepata kugawa maharage hapa kambini anajua jinsi inavyochosha.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana iliangushwa Kigali. Kesho yake mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yameanza Gisenyi. Watu waliokuwa wakiwindwa wakaja kubisha mlango wa Saint Pierre. Kitambulisho cha Félicité kilimwandika Mhutu, kwa hiyo angeweza kufunga mlango na kulala. Alifungua. Goma ilikuwa karibu, na wengi walioweza kuvushwa walisaidiwa kufika huko Zaire, kama nchi ile ilivyoitwa wakati huo. Waliobaki aliwaficha. Kwa siku chache nyumba ya wageni ikawa kile ambacho sisi tungekiita kambi ya mpito.

Hakuifanya peke yake. Alikuwa na wenzake wa Utume, na hilo ndilo ambalo viongozi wa kartie na wasimamizi wa mashirika tunapenda walitazame. Wafanyakazi walioingiwa na hofu hawashiki kazi kwa kukaripiwa. Wanashika kazi wanapomwona mkubwa wao analala katika nyumba ile ile na kuogopa hatari ile ile. Kamati inakiri kwamba hapa kwetu mambo hayaendi hivyo kila mara. Posho ikipungua, kujitolea hupungua, na wa kwanza kutoonekana si mara zote wale wadogo.

Félicité alikuwa na ndugu wa kiume, kanali katika jeshi. Kanali huyo alipojua kwamba kituo kitashambuliwa, alimtaka dada yake aondoke ajiokoe. Yeye akamwandikia barua fupi. Alimshukuru kwa kumkumbuka, akaeleza kwamba kujiokoa ni kuwaacha watu 43 waliokuwa chini yake, na kwamba amechagua kufa pamoja nao. Alimpa salamu za kumpelekea mama yao mzee, na akaongeza kuwa Mungu akiwaokoa, wataonana kesho.

Katika kikao chetu barua hiyo ilizua ubishi. Mzee mmoja alisema kiongozi hai anafaa kuliko kiongozi aliyekufa, na kwamba Félicité angetoka angeokoa wengine zaidi. Hoja yake ina uzito, hatukuidharau. Lakini mama mmoja alituonyesha ile namba. Hakuandika watu wengi, wala wakimbizi wangu. Aliandika 43. Katika siku za kifo, jiji likinuka damu, alikuwa bado anawahesabu mmoja mmoja, kama alivyokuwa akihesabu wageni wa kituo.

Tarehe 21 Aprili 1994 Interahamwe walifika. Waliwachukua watu wa kituo hadi makaburini, mahali ambapo paliitwa Commune Rouge kwa ajili ya damu iliyomwagwa pale. Félicité alikwenda nao. Kwa sababu ya ndugu yake kanali, wauaji walikuwa tayari kumwacha aende zake. Alikataa, akapigwa risasi pamoja na wenzake.

Miezi mitatu baadaye, Julai 1994, barabara ile ile ya kwenda Goma ilijaa watu kwa mamia ya maelfu, na ndani ya umati ule walikuwemo pia waliokuwa wameua. Mashirika yalihangaika na kipindupindu. Hayo ni habari nyingine ndefu.

Serikali ya Rwanda imemweka Félicité katika daraja la Imena la mashujaa wa taifa, ambao hukumbukwa kila tarehe 1 Februari. Na pale Commune Rouge pamejengwa ukumbusho wa waliouawa.

Baada ya ubishi ule kikao kilipitisha jambo moja. Hadi sasa viongozi wengi wa kartie wameandika idadi ya mahema tu. Kuanzia mwezi ujao kila mmoja atashika daftari lenye majina ya watu wake wote, pamoja na wazee wasiotoka na watoto waliokuja peke yao. Madaftari yatatolewa na Kamati; asiye na kalamu aje kwa katibu.