Paul Eisler

Paul Eisler (Vienna, 1907 – London, 26 Oktoba 1992) alikuwa mhandisi na mvumbuzi mzaliwa wa Austria. Anajulikana hasa kwa kuvumbua bodi ya saketi iliyochapishwa.

Maisha

Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi na kuhitimu uhandisi mjini Vienna mwaka 1930. Kwa sababu ya ubaguzi dhidi ya Wayahudi alikosa kazi ya uhandisi, akahamia Uingereza mwaka 1936. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliwekwa kizuizini kama raia wa nchi adui, akaachiwa mwaka 1941.

Uvumbuzi

Wakati ule sehemu za redio ziliunganishwa kwa nyaya zilizolehemiwa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Eisler, aliyejifunza uchapaji Vienna, alichapa njia za umeme juu ya shaba nyembamba iliyobandikwa kwenye ubao usiopitisha umeme. Shaba isiyohitajika iliondolewa kwa kemikali.

Aliomba hataza mwaka 1943. Marekani ilitumia mbinu hiyo katika fyuzi za makombora ya kutungulia mabomu ya V-1. Hata hivyo, mwaka 1963 mahakama ya Marekani iliamua kwamba hataza zake nchini humo hazikuwa halali.

Urithi

Siku hizi bodi nyingi zina tabaka kadhaa zinazounganishwa kwa matundu yaliyopakwa shaba ndani. Njia na matundu huchorwa kwa programu za kompyuta, lakini shaba ya ziada bado huondolewa kwa kemikali.