Gregor Mendel: Mtawa wa njegere aliyekufa bila dunia kujua alichogundua

Mtoto anazaliwa na sura ya bibi yake, wakati mama hafanani naye hata kidogo. Aliyefumbua fumbo hilo ni mtawa Mkatoliki, tena aliyekosa cheti cha ualimu.

Gregor Mendel alizaliwa 1822 kwa wakulima, eneo ambalo leo ni Jamhuri ya Czech. Ada ilipokwama, mdogo wake Theresia alitoa sehemu ya mali aliyotengewa ya kuolewa ili kaka asome. Mwaka 1843 akaingia utawani mjini Brno. Mwaka 1850 alifeli mtihani wa ualimu, akajaribu tena 1856, akarudi mikono mitupu.

Mwaka huohuo akaanza majaribio ya njegere bustanini. Alichavusha zenye mbegu za mviringo kwa zile zenye mbegu zilizokunjamana. Kizazi cha kwanza zote zikawa za mviringo. Mikunjo imepotea? Wapi! Kizazi kilichofuata alihesabu 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana, karibu tatu kwa moja. Kumbe ile sifa ilikuwa imejificha tu. Akang'amua kwamba kila mmea hurithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, na moja inaweza kuifunika nyingine.

Aliyaeleza hayo mbele ya wasomi wa Brno 1865, yakachapishwa 1866. Kimya. Akawa mkuu wa watawa 1868, na miaka yake ya mwisho ikaliwa na mvutano na serikali kuhusu kodi. Alifariki Januari 1884, na karatasi zake nyingi zikachomwa moto.

Mwaka 1900 watafiti wengine walifikia matokeo yaleyale, wakakuta Mendel aliwatangulia. Neno jeni lenyewe lilikuja 1909.

Basi 1990 wanasayansi nchini Uingereza wakaipata jeni ya ile mikunjo. Jeni ni kipande cha DNA, na nyingi hubeba maelekezo ya kutengeneza protini. Kwenye njegere zilizokunjamana, kipande kigeni cha DNA kimejipachika katikati ya maelekezo, hivyo protini inayosaidia kutengeneza wanga inakosekana. Sukari inabaki nyingi, mbegu inavuta maji mengi, na ikikauka inasinyaa. Ndizo hizo njegere tamu zaidi mdomoni.